Mdomo wa Kitale

Pauline Nakhungu alikuwa akijaza mkebe wa gorogoro njugu za kuuza sokoni Myanga, Jumanne saa nne asubuhi, alipofungua mdomo kumwambia mteja bei na sauti ikatokea Kitale. Chepkemoi, aliyekuwa saluni huko akisukwa, alimtangazia msusi wake kwamba njugu ni mia nne gorogoro, na kwamba kuonja ni mara moja, si mara tatu. Msusi alisema yeye hajaonja hata moja, akaendelea kusuka. Huko Myanga Pauline aliinua vidole vinne, mteja akalipa, biashara ikaendelea.

Wanawake wote wawili walijua jambo hilo lilikoanzia. Wiki mbili kabla, Pauline aliuza mtamba wake, akaenda Kitale kupigwa video ya wimbo aliomtungia mama yake, Mama Edinah, ambaye aliwalea yeye na kaka yake kwa kuzungusha miwa ya kuuza kichwani. Pauline hakutaka umaarufu. Alitaka mama yake ausikie wimbo huo akiwa hai, kwa sababu mama alikuwa na miaka themanini na miwili, na mwaka huo alikuwa ameanza kuulizia gauni lake jeupe la kuzikiwa liko wapi.

Dairekta Hillary, mwenye studio juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe, alikuwa amesikiliza wimbo ule akiwa amefumba macho, na machozi yakamtoka. Kisha akafumbua macho, akamwona mwimbaji.

"Sauti iko, Mama," alisema. "Shida ni hiyo pengo. Nikikuvuta karibu na kamera, itakaa kama mlango ya posho mill."

Akamweleza sheria za video. Mwimbaji lazima atembee katikati ya lami kana kwamba magari yote ya nchi yameharibika. Lazima aegemee gari ambalo hamjui mwenyewe. Lazima abadilishe nguo mara tatu, hata kama anamwimbia mama aliyekuwa na gauni moja. Mwishoni drone lazima ipande juu ya shamba la mahindi.

"Wimbo ni wa miwa," Pauline alisema.

"Mahindi ndiyo iko karibu," Hillary alimjibu.

Kwa hiyo aliletwa Chepkemoi, binti mrembo mwenye meno yote thelathini na mawili. Alisimamishwa mbele ya maua ya hoteli moja, na Hillary akaucheza wimbo kwa kasi maradufu, ili Chepkemoi achezeshe midomo mbiombio, halafu picha ikishapunguzwa mwendo nywele zipeperuke polepole na maneno yasipotee. Kutwa nzima binti yule aliikimbiza sauti ya Pauline kwa mdomo, na kufikia saa kumi alikuwa ameikamata. Pauline mwenyewe alipewa ubao wa rangi ya fedha unaorudisha jua kwenye uso wa mwimbaji. Hillary alimsifu sana. Alisema hajawahi kuona mkono uliotulia hivyo.

Alipopigiwa simu kuhusu mambo ya njugu, Hillary hakushtuka.

"Mdomo na sauti zimeshikana," alimwambia Chepkemoi. "Hiyo sasa ndiyo kazi safi, bana."

Alikuwa ameona makubwa zaidi. Mchungaji mmoja wa Kiminini alipigwa video akishuka ngazi za kanisa kwa mwendo wa pole, na hadi leo hajafika chini. Waumini humpelekea chakula ngazi ya tatu. Kwaya moja ya Webuye ilipigwa picha kwa drone, na tangu siku hiyo huonekana kwa juu tu, hata ukiwa umeketi nao mezani. Kina mama wa kwaya hiyo sasa hununua vilemba vya bei, maana ndivyo watu wanavyoona.

Basi wakazoea. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu wa Myanga aliwika mjini tu, shambani alikuwa kimya. Pauline aliandika bei kwenye kipande cha katoni. Kanisani, zamu yake ya kuomba ilipofika, mzee wa kanisa alimpigia Chepkemoi simu na kuiweka karibu na maikrofoni. Chepkemoi hakuwa mtu mbaya. Alimtumia Pauline leso mbili na ujumbe wa upole: "Mama, tafadhali jioni usiombe sana, huwa bado nakula."

Video ilienea. Kituo kimoja cha televisheni kilimwalika Chepkemoi, na kwa kuwa majibu yalikuwa kwa Pauline, Hillary alimtumia maswali kwa simu. Pauline alifunika njugu zake kwa gunia, akaketi kwenye kigoda, akaieleza hewa ya Myanga jinsi mama yake alivyokuwa akilala njaa na kusema ameshiba miwa. Mtangazaji alilia hadi wanja ukachuruzika. Nchi nzima ilimpenda Chepkemoi kwa namna anavyompenda mama yake. Mama yake Chepkemoi, ambaye ni mwalimu mkuu na hajawahi kuuza hata mua mmoja, alianza kupokea mablanketi.

Jumamosi moja Pauline alikwenda Bumula kumwonyesha mama wimbo. Alimketisha uani, akamwekea simu karibu na macho. Mama Edinah alitazama maua, gari, lami na mahindi.

"Uyu msichana ni wa nani?" aliuliza. "Analilia mamake vizuri. Mungu amubariki."

"Ni mimi, Mayi," Pauline alisema. Maneno hayo yalitoka mlimani, upande wa Endebess, ambako Chepkemoi alikuwa akipigwa video nyingine. Hillary akamwomba binti arudie bila maneno hayo.

Pauline alipiga simu ya Chepkemoi mara sita ili sauti irudi kwa mama kwa njia hiyo. Ilikuwa imezimwa, Hillary hakubali simu kazini. Pauline akajigonga kifua, akanyooshea kidole simu, akajigonga tena.

"Mbona huniongereshi?" mama aliuliza. "Nimekukosea nini, Pauline?"

Pauline alimshika mikono, akalia. Kilio nacho kikaenda Endebess, na Hillary akakichukua. Alisema ni kizuri kuliko alichokuwa amepanga. Jumatatu alfajiri Mama Edinah alifariki, akiwa hajajibiwa.

Makokha, kaka yake Pauline, ndiye aliyeshika mipango ya mazishi. Siku hizi maiti asiyerushiwa drone huonekana hakupendwa, kwa hiyo Makokha alimwita Hillary, na Hillary akaja na Chepkemoi. Katika boma lao kifungua mimba ndiye husema neno la mwisho kabla jeneza halijateremshwa, na kifungua mimba alikuwa Pauline.

"Dada, usikasirike," Makokha alimwambia pembeni. "Si utaimba tu? Lakini Chepkemoi ndiye atasimama hapo kwa kaburi. Watu wamezoea yeye. Tafadhari."

Hillary naye alikuwa na tatizo. Jua lilikuwa nyuma ya jeneza, uso wa Chepkemoi ulikuwa gizani, na kijana wa kushika ubao hakuwa amekuja. Alitazama huku na huku, akamkumbuka mtu mwenye mkono uliotulia.

Pauline alisimama hatua saba kutoka kwa mama yake, nje ya picha, ubao kifuani. Akaimba beti zote. Aliimba miwa, aliimba njaa, akaongeza ubeti ambao haukuwa kwenye video, wa kuomba msamaha kwa ile Jumamosi. Sauti ilitoka kwa Chepkemoi, nzuri kuliko siku zote, na hakuna aliyebaki na jicho kavu. Drone ilipanda juu ya migomba, ikatafuta mahindi, ikayapata kwa jirani.

Baada ya hapo watu walipanga foleni kumpa Chepkemoi pole kwa kumpoteza mama. Makokha alikuwa wa kwanza, akamkumbatia kwa uchungu wa kweli.

Shangazi mmoja mzee hakupanga foleni. Alimwendea Pauline, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kifungua mimba mzima," alisema. "Hata neno moja hukuwa nalo kwa mamako?"

Pauline alimjibu. Pale kaburini Chepkemoi, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya chifu, akasema, "Nimeimba wote, shangazi." Chifu akaitikia kwa heshima.

Hillary akaomba ubao uinuliwe kidogo, jua lilikuwa limehama. Pauline akauinua. Mkono haukutikisika.