Tani Nne za Iliki, Mwezi wa Julai

Mpango wetu wa kujikinga na machafuko ya dunia ulikuwa na kurasa mia moja na arobaini, na hakuna hata mmoja uliokumbuka kwamba kuna Julai.

Mimi ni mnunuzi wa iliki katika kinu cha viungo cha Hallenborg, Norrköping, mwaka wa ishirini na sita sasa. Waswidi hatuna hasira nyingi, lakini tunyime mkate wa iliki wiki mbili uone. Zaidi ya nusu ya iliki tunayosaga hununuliwa na kiwanda kimoja cha mikate, na mwenyewe alishatuambia wazi: mkikosa kuniletea mzigo wa Agosti, nahamia kwingine. Akihama, kinu kinafungwa na watu kumi na tisa wanarudi nyumbani, mimi nikiwemo.

Basi bosi wetu Sixten Hallenborg, mjukuu wa mwanzilishi, mtu mpole asiyeweza kumfukuza nzi bila kumpa notisi, akaajiri mshauri kutoka Stockholm aitwaye Melker. Melker alikuja na viatu vyeupe na ramani ya dunia yenye rangi nyekundu, njano na kijani. Tulikaa vikao kumi na kimoja. Kwetu hatupigi kura. Tunazungumza mpaka wote tuchoke sawasawa, na huko kuchoka ndiko tunakoita makubaliano. Tukakubaliana hivi: bahari ikichafuka, mzigo wa dharura hautanunuliwa mpaka kamati ya watu watano iseme ndiyo kwa kauli moja.

"Wote watano?" niliuliza.

"Wote," akasema Melker. "Uzuri wake ndio huo. Mambo yakiharibika, hakuna atakayelaumiwa peke yake."

"Na tukichelewa je?"

"Ingegerd, acha mikosi bwana. Kuchelewa kuna kurasa nane kwenye mpango."

Tarehe tisa Julai, manowari za mataifa mawili zilitunishiana misuli kwenye mlango wa bahari, na meli za mizigo zikaambiwa zizunguke Afrika nzima. Iliki yetu ya kutoka India ilikuwa katika mojawapo. Ingechelewa wiki tano. Ofisini siku hiyo tulikuwa wawili, mimi na mashine ya kahawa, maana Julai Uswidi nzima huwa likizo, ila mimi huchukua yangu vuli, wakati wa kuchuma uyoga. Wengine wote walikuwa kwenye nyumba zao ndogo za mbao kando ya maji, na kumpigia mtu simu ya kazi huko ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kumfungulia mlango akiwa anaoga.

Nilimpigia kwanza Wiebke, dalali wa viungo wa Hamburg, tuliyejuana naye tangu enzi za faksi.

"Ninazo tani nne," akasema. "Ila Wapolandi wananing'ang'ania. Nakushikia mpaka kesho saa sita mchana, na ni kwa kuwa ni wewe."

Nikaanza kuwasaka wanakamati. Anna-Greta wa fedha alikuwa juu ya ngazi anapaka nyumba rangi. "Mimi sina neno," akasema, "mradi wenzangu wakubali."

Torkel wa ghala akauliza, "Wenzangu wamesemaje?"

"Wanakungoja wewe."

"Aa, nianze mimi? Si watasema najipendekeza!"

Melker hakupokea. Sauti yake kwenye simu ilisema atarudi tarehe kumi na moja Agosti, na mwenye dharura asome mpango. Nilisonya mpaka mashine ya kahawa ikaona haya. Mwanakamati wa nne alikuwa Sixten mwenyewe, naye hakupokea mara tisa. Wa tano nilikuwa mimi.

Asubuhi nikaendesha gari mpaka pwani ya Sankt Anna, mkabala na kisiwa cha Sixten. Hapakuwa na mashua. Ng'ambo niliona moshi unatoka kwenye bomba na suruali yake imeanikwa kambani. Nikasimama gatini nikapaza sauti, mimi mwanamke wa miaka sitini na mbili.

"Sixteeen! Ilikiii! Sixten weee!"

Shakwe wakaruka. Mzee mmoja akachungulia dirishani. "Mama, tafadhali, watu wako likizo!"

Ng'ambo hakutoka mtu. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Nilikaa kwenye mbao za gati nikalia, sioni aibu kusema. Niliwaza wale kumi na wanane, mmoja mmoja kwa majina. Kisha hasira ikanipanda, na hasira wakati mwingine ina akili. Bila kamati, mimi peke yangu nimeruhusiwa kununua nusu tani kwa kila agizo la kawaida. Nikampigia Wiebke.

"Nataka nusu tani."

"Nusu? Mwenzangu, nimekushikia nne!"

"We andika nusu. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Haya, nataka nusu tani nyingine."

Nikasikia anacheka mpaka anakohoa. "Ingegerd, una wazimu wewe."

"Andika!"

Aliandika mara nane.

Agosti wakarudi wote, wamebabuka pua kwa jua. Meli ilikuwa bado baharini, kinu kinasaga, na mteja keshapata mzigo wake. Melker akatuonyesha ukutani: hasara, sifuri. "Mpango umefanya kazi," akasema. Torkel akaongeza kwamba kwa kweli kamati ilionyesha utulivu mkubwa. Kisha Anna-Greta, kwa upole wote, akasema ila Ingegerd alikiuka utaratibu, na hapana budi apewe barua ya onyo. Tulilijadili saa mbili, na ikabidi tukubaliane wote. Nami nikakubali nipewe onyo, maana chakula cha mchana kilikuwa kinapoa.

Sixten aliniletea barua mwenyewe kinuni. Akazungukazunguka, akakohoa.

"Siku ile gatini ulipiga kelele sana."

"Kumbe ulinisikia?"

"Kisiwa kizima kilisikia. Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya stoo ya kuni."

"Sixten! Kwa nini?"

"Ningeitika, ningelazimika kuitisha kikao. Nilijua ukiachwa peke yako utafanya."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumzaba kibao. "Na ningeshindwa je?"

Akatazama viatu vyake. "Ningesema sikusikia."

Nikaichukua kalamu nikasaini onyo langu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha nikamwomba apishe njia, kwa kuwa watu kumi na tisa tulikuwa na kazi.