Mjomba Kwenye Kopo la Uchafu

Mrija wa kioo ulisimama wima kwenye stendi, umejaa chembe nyeupe, na mtafiti alikuwa akimimina maji ya chumvi juu yake taratibu. Protini ya kirusi ilikuwa imeng'ang'ania zile chembe. Visivyotakiwa vilitiririka chini, kwenye kopo la uchafu. Ndiyo kazi yenyewe: unaosha, unaosha, mpaka kibaki kitu kimoja tu.

Kopo likakohoa.

Mtafiti alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha mjomba wake, aliyefia wodini mwaka jana akisubiri majibu ya damu.

"Mwanangu," sauti ikatoka koponi, "majibu yangu yametoka?"

"Shikamoo, mjomba. Bado."

"Marahaba. Maana nimekaa hapa mpaka miguu imekufa ganzi."

Damu yake haikupimwa kabisa. Ilitoka wodini ikaletwa maabara pamoja na za wenzake, kwa kuwa kirusi chao kilikuwa kigeni na kilitafutwa. Wenye damu hawakuulizwa. Mtafiti alijua ndivyo mambo yanavyokwenda pale. Hakujua tu kwamba na ya mjomba wake ilikuwemo. Aliona aibu, tena aliogopa.

Mkuu wa maabara akaingia mbiombio, tai imekaa upande. Wageni waliofadhili kazi ile, waliokuja kuiona protini, walikuwa wakimalizia chai chumba cha pili.

"Imekuwa safi?"

"Bado. Kuna mtu."

Mkuu aliinama, akasikiliza kopo, kisha mrija, kama anayetafuta bomba linapovujia. Sauti ilikuwa kote kuwili.

"Pole, mzee," alisema. Akamgeukia mtafiti. "Ongeza chumvi. Akibaki humo hata kidogo, hawa wanapeleka kazi kwingine, na mimi na wewe tunarudi nyumbani."

Mtafiti alishika koki ya maji ya chumvi. Angeifunga, mjomba angebaki ndani ya protini, na wageni wangemsikia kwa masikio yao akiulizia majibu yake. Mkuu alikuwa akimtazama.

Akaongeza chumvi.

Mjomba alishuka mzimamzima koponi, akilalamika kidogo. Protini ikatoka baadaye, angavu, kimya. Wageni waliiinua kwenye mwanga, wakausifu usafi wake, wakapiga picha.

Mtafiti alibaki na kopo. Uchafu hutiwa klorini kwanza, iue kila kilichomo, kisha humwagwa kwenye sinki. Alipolinyanyua, mjomba alihisi anasogezwa.

"Foleni imesogea?"

"Imesogea, mjomba."

"Afadhali," alisema mjomba.

Mtafiti akafungua chupa ya klorini.