Cherehani ya Nyumba Nambari Tatu

Mwanamkasi alikuwa amefikia mkono wa kushoto wa gauni la Florence pale Gershom wa dukani alipoingia, kalamu tayari mkononi.

"Bi Mwanamkasi, cherehani iko wapi?"

Swali gani hilo! Cherehani ilikuwa mbele yake, miguu yake ikiikanyaga. "Hebu vaa miwani, Gershom. Si hii hapa?"

Gershom hakucheka. Kila mwezi bwana huyu alivuka feri kuja Likoni kukusanya pesa, akanywa chai kwake, akala mahamri. Yeye ndiye aliyemletea kitabu cha picha, mwaka wa themanini na sita, Mwanamkasi akachagua cherehani ya miguu bila kulijua duka lenyewe. Bei ya taslimu ilikuwa elfu tatu na mia mbili; ya kulipa kidogo kidogo, elfu nne na mia tisa. Nani alikuwa na elfu tatu kwa mpigo? Akatoa arbuni ya mia tano, kisha mia mbili na ishirini kila mwezi. Mumewe alipolazwa alilipa. Mvua ilipoangusha ukuta wa jiko alilipa. Miezi kumi na minane, na ilibaki miwili tu iwe yake.

"Nimetoka kwako," Gershom alisema. "Nimeshaandika haipo."

"Si nimeileta hapa kwa Nyevu, tushone nguo ya harusi!"

Mtaani kwao nguo ya bibi harusi ilishonewa kwa mamake, shangazi wakitazama na kutia maneno yao. Nyevu, mamake Florence, alikaa ng'ambo ya kichochoro, hatua kumi na mbili. Jana wanawake wanne walikuwa wameibeba cherehani kwa vigelegele. Nani angewaza kuomba ruhusa?

Gershom alikunjua karatasi ya Kiingereza. "Sahihi yako hii. Imeandikwa kifaa kisitoke nyumba nambari tatu bila idhini. Kikitoka, kinarudi dukani."

"Na hiyo tatu yenyewe waliichora mlangoni watu wa kupiga dawa ya mbu!" Nyevu alifoka. "Futa hilo neno 'haipo', mwanangu. Kwani cherehani huioni?"

"Naiona, mama. Lakini meneja mpya anazihesabu fomu. Nikifuta, mshahara unakatwa wangu." Alikuwa akitazama sakafu. "Ama alipe mia nne na arobaini zilizobaki, na faini mia tano. Leo."

Wanawake walifungua mafundo ya leso. Zikapatikana mia mbili na thelathini na tano. Nyevu aliingia ndani akatoka na bahasha, Mwanamkasi akamrudisha mkono.

"Hizo za mchele, Mama Florence. Wageni watakula cherehani?" Akamgeukia Gershom. "Nimelipa elfu nne mia nne na sitini. Zinarudi ngapi?"

"Hazirudi. Zinahesabiwa kodi ya kuitumia."

"Kwa hiyo nimelipa bei yenu ya taslimu na zaidi, na cherehani sina."

Gershom aliikunja karatasi. Nje, mwenye mkokoteni aliyekuja naye alikuwa akimwita.

"Ngoja basi." Mwanamkasi alikata uzi, akalitoa gauni. Kisha akainama akavua ukanda wa gurudumu, akalegeza skrubu akachomoa sindano, akatoa na bobini ya uzi. Vyote akavitia katika fundo la leso. "Soma karatasi yako. Ukanda umo? Wenu ulikatika zamani. Huu nilinunua Mwembe Tayari kwa pesa zangu, na hivi vingine pia."

Gershom alisoma kutoka juu hadi chini. Alitikisa kichwa.

"Haya, beba. Tandika gunia chini, isichubuke."

Gershom akashika upande mmoja, mwenye mkokoteni upande wa pili, na Mwanamkasi akawainulia pazia wapite. Alikuwa anaipenda cherehani ile, wallahi.

Nyevu alikuwa ameshaanza kulia, akijilaumu yeye na harusi ya bintiye. Mwanamkasi alitunga uzi kwenye sindano ya mkono, akaketi naye mkekani, akamtupia nusu ya gauni mapajani.

"Utalia Jumatatu, harusi ikiisha, mwenzangu, na mimi nitakusaidia. Sasa shika pindo. Mtoto hawezi kuolewa gauni lina mkono mmoja."