Pedeli Chini ya Meza

Siku pedeli ya cherehani yake ya umeme ilipopotea, fundi cherehani alimshuku paka, kisha mpangaji wa juu, kisha shemeji yake. Kwa heshima ya ndoa, hakumshuku mkewe. Hilo lilikuwa kosa. Pedeli ilikuwa chumba cha pili tu, karakanani, chini ya meza ya mkewe, imeungwa waya kwenye redio yake kubwa.

Mkewe aliitwa Risasi, kwa kuwa alishinda akilehemu kwa risasi, ile ya kuunganishia waya. Hakuwa amempiga mtu tangu shule ya msingi. Kazi yake ilikuwa kufufua redio za upepo zilizostaafu, za teksi na za makampuni ya ulinzi. Huzifungua, akazungusha koili zake kwa bisibisi ya plastiki, maana ya chuma huzivuruga, akazihamishia masafa ya redio ya ridhaa, yaani ya wale wenye leseni ya kupiga soga hewani bila kulipwa na mtu. Pedeli ilimfaa sana. Akiikanyaga anasikika, akiiachia anasikiliza, na mikono yote miwili inabaki kazini. Alikusudia kumwambia mumewe. Alikuwa amekusudia tangu msimu wa mvua.

Kila jioni wenzake hukutana hewani: daktari wa meno, mwenye bucha na mwalimu mstaafu. Redio zao zote zilipita mezani pa Risasi, zikiletwa na kurudishwa na wajumbe, hivyo karakana waliijua ilipo. Lakini wao kwa wao hawakuwa wameonana hata siku moja. Walijuana kwa sauti na kwa namba za leseni, na hakuna aliyefungua kinywa bila kutaja namba yake kwanza. Ndiyo sheria, nao waliishika kuliko viapo vya harusi.

Jioni moja waliingia karakanani wanaume watatu wakateremsha mlango wa bati nyuma yao. Wa mbele alikuwa Sajini, msimamizi wa zamani wa walinzi wa kampuni iliyokufa. Mmoja wa wenzake alishika nondo, mwingine alivaa koti zito kwenye joto lile, jambo lililomtisha Risasi kuliko nondo.

Sajini aliweka redio mezani. "Mama, hii nataka isikie askari. Na ikibidi, iseme kama askari."

"Hiyo siwezi, kaka."

"Huwezi au hutaki?"

"Chagua inayokupendeza."

Sajini alimpiga mdomoni kwa redio ileile. Fundi cherehani aliposikia kishindo alikuja mbio, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, akapokelewa kwa nondo ya mgongo. Walimburuta mpaka kwenye jiliwa, lile la kubania vyuma, wakaweka vidole vinne vya mkono wake wa kulia katikati ya meno ya jiliwa.

"Shemeji anashona?" aliuliza Sajini.

"Suti," alisema Koti, aliyeuona ule utepe. "Suti hazitaki mkono wa kushoto."

Sajini akazungusha mpini. Kidole cha shahada kilivunjika kwa mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti. Fundi alipiga yowe, akaanguka, akaning'inia kwa mkono. Na aliponing'inia hivyo, uso ukiwa usawa wa meza, macho yake yaliona chini ya meza. Akamtazama mkewe kwa jicho ambalo halikuhusu kidole hata kidogo.

"Nafanya," alisema Risasi. "Legezeni. Nafanya sasa hivi."

"Fanya kwanza, tutalegeza baadaye."

Risasi aliketi. Akazima sauti ya redio kubwa iliyokuwa pembeni, akaitupia kitambaa kufunika taa yake, akasema anaikinga vumbi. Maikrofoni ilining'inia mahali pake pa siku zote, mbele ya kidevu. Akafungua redio ya Sajini, na mguu ukashuka juu ya pedeli.

"Mko watatu," alisema, "nondo mnayo, mlango wa bati haujafungwa kufuli, na mume wangu vidole vimo kwenye jiliwa. Sasa haraka ya nini?"

"Unatuhesabu ili iweje?"

"Nikiogopa huwa nahesabu."

Damu ya mdomo ilidondokea ubao wa redio, akaifuta kwa kidole, maana damu hupitisha umeme. Redio kubwa ilitoka kwenye gari la doria, na ilikuwa bado na tabia ya kumkatia sauti mtu akizidisha dakika moja. Hakuwa amewahi kuiondoa. Ikambidi kila mara auinue mguu na kuukanyaga tena. Kama kuna aliyejibu, hakujua.

"Mguu unamtetemeka," alisema mwenye nondo, akacheka.

"Nikuongezee?" Sajini alimuuliza fundi, mkono ukiwa kwenye mpini.

Fundi alitazama pedeli yake. Neno moja tu lingetosha kumfichua mkewe. "Zungusha," alisema, "lakini usinipigie kelele."

Kidole cha kati kilikuwa kinaanza kulia mlango wa bati ulipopaa.

Mwenye bucha aliingia na shoka la mifupa, akitumia kisogo cha shoka kwa huruma. Alimkalisha mwenye nondo kwa goti moja lililovunjika. Daktari wa meno aliingia na koleo, akamshika Koti pua, akavuta kwa mazoea. Mwalimu alifuata na bakora. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri. Kisha daktari akamwona mtu mwenye shoka na damu, akampiga koleo la sikio. Mwenye bucha akamrudishia la mbavu. Mwalimu, asiyewahi kuona hata mmoja wa nyuso hizo, aliwachapa wote kwa usawa.

"Namba," akasema Mwalimu, kwa sauti ya darasani. "Kila mtu namba yake. Asiyekuwa nayo ndiye wa kupigwa."

Mwenye bucha akataja yake, akipumua. Daktari akataja yake, akishika mbavu. Wakatazamana, wakaombana radhi.

Sajini hakuwa mjinga. Ukutani kulikuwa na leseni kwenye fremu. Akaisoma kwa ufasaha, herufi na namba, bila kukosea.

Wote watatu wakamgeukia. Ilikuwa namba ya Risasi, sauti waliyoisikia kila jioni.

Kilichofuata kilimgharimu Sajini meno manne, na daktari hakutumia ganzi.

Risasi alilegeza jiliwa kwa mikono yake. Daktari alifunga kidole kwa vijiti na uzi wa kushonea, akaonya kwamba utaalamu wake huishia kwenye taya. Fundi alikunja vitatu vilivyobaki, kimoja kimoja. Vilikunjika. Akaomba sindano, akatunga uzi kwa gumba na kidole cha mwisho. Mara ya tatu ukapita.

"Hiyo pedeli," alisema bila kuinua macho.

"Nilitaka kukwambia."

"Nimemtukana kaka yako."

"Najua."

"Nimempiga paka." Akakata uzi kwa meno. "Iache hapo. Lakini kesho unaninunulia nyingine, na paka unamwomba radhi wewe."