Waridi la Jangwani Katika Mvua ya Matombo

Nilisikia maji yakimwagika barazani kabla sijafungua mlango.

"Shikamoo, mama. Jana si tulikubaliana?"

"Marahaba. Jana lilikuwa limeshiba. Leo limeamka na kiu."

Waridi la jangwani lilikuwa la dada yangu Glory, aliyekuwa akiuza maua ya vyungu Dodoma. Alikuwa ameliotesha kwa mbegu. Baada ya mazishi yake nililipakata njia nzima hadi Matombo, shina lake nene kama kiazi kikuu likinilemea mapajani. Dada hakuacha mtoto. Aliacha hilo.

Aliwahi kunieleza namna ya kulitunza: ngoja udongo ukauke hadi chini, ndipo umwagilie. Ukilionea huruma, umeliua.

Lakini Matombo nani amewahi kuona mmea usiotaka maji? Hapa mvua hushuka mlimani bila kuombwa, na bado bustani ya mboga humwagiliwa asubuhi na jioni. Asiyemwagilia huitwa mvivu. Mama alizikuza kabichi zake hivyo, na sisi akatulea nazo.

Shangazi Josephina alipita na jembe lake, akasimama kutazama.

"Wifi, mbona ua lako lina kitambi?"

"Linanawiri. Wivu tu huo."

"Linaoza. Nalinusa toka huku."

Mama alimrushia matone ya maji, shangazi akakimbia akicheka. Mimi nilibonyeza shina. Kidole kikazama.

Nililing'oa chunguni, nikachukua kisu, nikakata sehemu iliyooza mpaka nikafika penye nyama nyeupe, ngumu. Nikalitundika jikoni, juu ya mafiga, kidonda kikauke.

"Lisiguse maji mpaka nirudi. Mama, umenisikia?"

Akaitikia kwa kichwa.

Nilishuka Morogoro mjini na matenga ya mboga. Mvua ikaharibu barabara, nikakwama huko siku kadhaa. Niliporudi, juu ya mafiga palikuwa patupu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda na waridi mapajani, amelifunga kanga iliyolowa chepechepe.

"Mama! Nilikwambia nini?"

"Usinipigie kelele, Hosiana." Hakuinua macho. "Siku ya operesheni, dada yako aliniomba maji. Nesi alikuwa amekataza, na sababu nilizielewa. Akaniomba tena. Nikamwambia vumilia, mwanangu, ukitoka utakunywa. Akawa analamba midomo tu. Wakamwingiza na kiu yake, hakutoka." Akaibana kanga, maji yakachuruzika miguuni. "Sasa unaniambia nimnyime tena?"

Nilichuchumaa mbele ya kigoda chake.

Nilifungua kanga taratibu. Nyama ile nyeupe ilikuwa imegeuka kahawia, laini kama ndizi iliyolala juani. Nilitafuta mahali pagumu pa kukata, hata pa ukubwa wa kidole. Hapakuwapo.

"Litashika?" aliuliza.

Ningeweza kumdanganya hadi jioni.

"Limeoza lote, mama."

Alilipokea kwa mikono miwili, akalifuta ute kwa pindo la gauni lake.

"Angalau hili limekunywa," alisema.

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti iliyomleta shangazi Josephina mbio kutoka bustanini, mikono imejaa udongo, akiuliza ni nani mwingine tuliyempoteza.