Ada ya Tawi Lililofungwa

Mshonaji aliketi ukingoni mwa kiti ofisini kwa meneja wa benki, mkoba kaupakata kama mtoto mwenye homa. Miaka kumi na moja alishona sare za wauguzi nchi ya jirani, na akiba yote akaiweka kwenye tawi la benki hii kule kule. Serikali ya kule ilipolifunga, akarudi na cherehani na kitabu cha akiba. Leo, ikifika saa kumi hana pesa mkononi, chumba chake cha kushonea kinauzwa kwa mwingine. Saa ya ukutani ilisema nane na robo.

"Deni hilo ni la tawi la kule, mama," alisema meneja, tai imemkaba koo. "Makao makuu hatuhusiki. Ukadai kule."

"Amdai nani, kufuli?" alidakia wifi yake, aliyekuja kumsindikiza na hakuwa na breki mdomoni.

"Niachie kitabu, tukiweke kwenye faili."

Mkono wa mshonaji ukaanza kwenda, kwa kuiheshimu tu ile tai. Wifi akamkanyaga kidole. Mkono ukarudi.

"Mwanangu, lilifungwa lini?" mshonaji akamuuliza meneja.

"Mwaka juzi, mwezi wa tatu."

Mshonaji akatoa kola ya karatasi. Barua za benki zilikuwa ngumu, nzuri, naye alizikata zote ziwe vipimo vya kukatia nguo.

"Hapa mmenikata ada ya kutunza akaunti. Baada ya kufungwa."

Meneja akaigeuza. "Tarehe iko wapi?"

Ilikwenda na mkasi. Kola ya pili ilikuwa na tarehe, haina muhuri. Mshonaji akapekua mkoba hadi chini, akaibuka na kipimo cha mfuko wa shati. Tarehe: mwezi uliopita. Ada: imekatwa. Muhuri: makao makuu, wa buluu, mzima.

"Kumbe marehemu bado anakula!" wifi akasema.

Meneja hakucheka. Akampigia mwanasheria wa benki simu, akanong'ona, akasikiliza muda mrefu. "Ndiyo, muhuri ni wetu... Ndiyo, sisi ndio tuliokata... Basi akaunti ni yetu." Mshonaji alihesabu mizunguko ya feni.

Saa tisa na dakika ishirini simu ikarudi mahali pake.

"Utalipwa leo, mama. Pamoja na hizo ada. Nipe huo mfuko."

Mshonaji akauingiza kifuani.

"Pesa kwanza, baba. Kwangu nguo haitoki haijalipiwa."