Fulana Isiyofuliwa

Delfin alirudi nyumbani Tigbauan na hamu ya kitu kimoja tu, kulala, na hicho ndicho hakukipata. Miezi kumi na minne alikuwa kwenye chumba cha mashine cha meli ya mizigo, akipaka grisi na kufuta mafuta, akilala kwa vipande vipande. Sasa alikuwa na likizo ya wiki sita. Wiki mbili zilimezwa na kampuni: kupimwa damu, kupimwa macho, kukaa darasani akifundishwa kuzima moto wa aina ile ile aliokwisha kuuzima kweli mara mbili baharini. Wiki mbili na ushei zikaenda kwa ndugu, wasimamizi wa ubatizo, na watu ambao hakuwahi kujua kwamba ni ndugu. Zilipobaki siku kumi na mbili, mama mkwe wake, ambaye ndiye mlezi wa watoto siku zote, alifunga mfuko wake akapanda boti kwenda kisiwani Guimaras kwa dada yake.

"Baba yao yupo," alisema. "Na magoti yangu nayo yanataka likizo."

Marivic, mkewe Delfin, alikuwa akikanda mikate kwenye tanuri la sokoni, tangu alfajiri mpaka saa tisa alasiri. Kwa hiyo aliyebaki nyumbani na watoto wawili, mwezi wa Aprili, shule zimefungwa na bati linalia kwa jua, alikuwa Delfin.

Mkubwa, Krisel, wa miaka saba, hakumpa shida. Yule alizaliwa msimamizi. Ukimpa kazi ya kuamrisha watu ametosheka. Aliyemnyima raha ni mdogo, Teya, wa miaka minne. Teya alimwita Anko.

Hakuwa na ubaya wowote. Mwanamume yeyote mzima anayeingia nyumbani na kukaa kwenye kiti ni Anko, na Delfin aliingia akakaa kwenye kiti. "Anko, nifungulie bomba." "Anko, umemkalia mdoli wangu."

"Si Anko wewe, ni Baba," Krisel alimsahihisha kila mara.

"Baba yuko kwenye simu," Teya alijibu, tena kwa upole, kama mtu anayemweleza mjinga.

Delfin alicheka mara ya kwanza. Mara ya kumi hakucheka. Alijiapiza kwamba kabla ya kuondoka lazima mtoto huyu amwite Baba, hata mara moja. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyoutaka usingizi, na aliyeyaona macho yake siku zile angejua kwamba huo si mzaha.

Mambo ya kupeleka watoto kwenye maduka makubwa yenye ubaridi hayakuwemo. Fedha aliyoipata melini ilikwisha kugeuka paa jipya la jikoni. Akarudia michezo ya utoto wake. Siku ya kwanza alichuma majani na maua mekundu ya gumamela uani, akayaponda kwenye kinu na kipande cha sabuni mpaka ukatoka ute, akakata mabua ya majani ya mpapai, akawafundisha kupuliza mapovu. Teya alivuta badala ya kupuliza, akameza sabuni, akatapika kidogo, akaenda kushtaki kwa dada yake. Siku ya pili aliwajazia maji beseni kubwa, akawawekea vikombe na chujio la jikoni. Walicheza saa nzima, yeye akasinzia pale pale alipochutama, mpaka walipommwagia kikombe utosini. Siku ya tatu alikamua maembe, akachanganya na maziwa ya kopo, akafunga kwenye vifuko vyembamba, akagandisha barafu.

"Asante, Anko," Teya alisema. Akachukua barafu mbili, akaenda kuzila upande wa pili wa nyumba.

Halafu kila siku ilikuja saa saba, saa ya watoto kulala. Mtaa mzima watoto huambiwa kwamba asiyelala mchana harefuki, na Krisel, aliyekuwa mfupi, alilichukulia jambo hilo kwa uzito. Teya aliingia kwenye chandarua chake, akakibana kwa vibanio vya nguo kwa ndani, akatoa amri: "Anko alale nje." Delfin alijilaza sakafuni mlangoni. Jicho likianza tu kufumba, Krisel alikuja kumuuliza kama papa wana masikio.

Siku ya nne alibuni mchezo aliojivunia kuliko yote. Melini kuna siku ya kufua shuka, na mwili wake ulikuwa umeizoea. Alikusanya mashuka, mataulo na foronya zote za nyumba, akazitumbukiza kwenye beseni na sabuni tele, akawaambia watoto wapande juu yake wacheze ngoma. Kwenye foronya ya Teya alikuta kitambaa cha kijivu, fulana iliyochanika shingoni, pindo lina grisi nyeusi, inanuka beberu. Akafikiri ni tambara la bibi la kupigia deki. Akaitumbukiza nayo.

Yeye alipiga ndoo, watoto wakakanyaga. Maji yakawa meusi, povu likapanda mpaka magotini. Teya aliteleza, akakaa kwenye povu kwa kishindo, akamtazama Delfin, akacheka. Alimchekea yeye, si dada yake. Delfin alipiga ndoo mpaka viganja vikamuwasha. Alifurahi hata akasuuza mara tatu na kumalizia na ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, kifuko kizima.

Saa saba ilipofika Teya aliingia kwenye chandarua, akatoka. Akaingia tena. Akatoka na mto mkononi, akaupindua, akautikisa. Halafu akaenda uani moja kwa moja, akaiona ile fulana kwenye kamba, akavuta pindo mpaka puani.

"Hayupo," alisema.

"Nani hayupo?" Delfin aliuliza.

Krisel alitoka mbio, akaona, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Umeifua? Ile ya kwake? Uliyoiacha?"

Hapo ndipo Delfin alipokumbuka. Asubuhi ile ya kuondoka, gari linapiga honi, aliivua fulana aliyolala nayo akamfunika nayo mtoto, kama kila mzazi anayekwenda ng'ambo afanyavyo, ili mtoto abaki na harufu asimlilie. Alifikiri ni jambo la wiki moja, mbili. Hakuwahi kufikiri kwamba miezi yote ile mtoto alikuwa akilala nayo.

Teya alilia bila sauti, machozi yanatiririka na mdomo umefungwa. Hakulala mchana ule. Hakula. Marivic aliporudi saa tisa unusu, unga bado uko kwenye nyusi, alimkuta mtoto chini ya kamba ya nguo, mume kwenye ngazi, na Krisel katikati, tayari kutoa taarifa yote.

Marivic alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikaa kwenye ngazi bila kuvua viatu.

"Miezi kumi na minne," alisema. "Kimbunga kimepita hapa, maji yameingia ndani mpaka kiunoni, fulana yako nimeibeba kichwani. Mama ananuna kila Jumamosi anataka kuifua, nagombana naye. Wewe siku nne tu."

"Mngeniambia."

"Uliiacha mwenyewe kwa mikono yako. Tukuambie nini?"

"Lakini mimi nipo, Marivic. Mwenye fulana nipo hapa. Fulana ya nini tena?"

Marivic alikung'uta unga kwenye nyusi. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu aliyeamka saa nane za usiku, na huo ni mgumu kujibu kuliko hasira.

"Upo siku nane," alisema. "Halafu?"

Delfin aliinuka, akaianua fulana kwenye kamba.

"Ivae," Marivic alisema, akiinuka. "Na usioge."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe aikubali."

Basi kikaanza kibarua ambacho Delfin hakukisomea kokote. Kesho yake asubuhi alivaa fulana yake ya zamani, ikinukia maua kama bibi harusi, akasimama uani. Krisel alizima feni zote za nyumba, akatangaza kwamba Baba lazima atoe jasho. Walicheza kopo na ndala: unasimamisha kopo, unalilenga kwa ndala, likianguka unakimbia. Wao walirusha, yeye akakimbia. Kisha akawa farasi, mmoja mgongoni na mwingine anampiga kwa kijiti. Kisha akawavuta kwenye jani kavu la mnazi, kutoka tanki la maji mpaka banda la kuku, kwenda na kurudi mara ishirini, jua liko utosini na nyenje hata mmoja hapigi kelele.

Saa saba Teya alimwita kwa kidole. Delfin aliinama. Mtoto alinusa shingoni, akakunja pua.

"Sabuni," alisema. "Bado, Anko."

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, na usiku Marivic alimgeuzia kisogo kwa sababu ya harufu ambayo yeye mwenyewe aliiagiza. Melini kazi ina zamu. Hii haikuwa na zamu. Lakini Teya alikuwa hambanduki. Alimfuata bombani, alimfuata chooni, akasimama nje akimhesabia. Akipunguza mwendo alimwambia, "Kimbia, Anko." Akikaa kivulini alimvuta suruali. Delfin hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimhitaji kiasi hicho bila kengele ya hatari kulia.

Siku ya tatu Teya alinusa pindo, akasema, "Haina mafuta." Ikabidi Delfin aende kwa jirani akaombe kumtengenezea mnyororo wa pikipiki. Jirani alishangaa, maana mnyororo wenyewe ulikuwa mzima.

"Mke kanifukuza nyumbani," Delfin alimwambia. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza ukweli.

"Kwa harufu hiyo, hata mimi," jirani alisema, akampa spana.

Siku ya nne alipasua kuni. Siku ya tano umeme ulikatika tangu asubuhi, hakuna upepo, hata kuku walilala midomo wazi. Hapakuwa na haja ya mchezo wowote. Jasho lilimtoka kwa kukaa tu. Saa saba Teya aliingia kwenye chandarua, akawaza, kisha akatoa kibanio kimoja.

"Ingia," alisema. "Usijinyooshe."

Delfin aliingia kwa magoti, akajikunja kwenye mkeka mfupi wa mtoto. Teya alijisogeza, akatafuta mahali, akazika pua ubavuni mwake, akalala papo hapo. Pumzi yake ilikuwa ya moto kwenye mbavu. Mkono wa Delfin ulikufa ganzi tangu begani, na hakuusogeza. Yeye aliyekuwa akiuota usingizi wiki zote zile hakufumba hata jicho moja. Aliogopa kupoteza hata dakika. Akajiambia: huyu sasa ni wangu. Akapiga hesabu ya yale watakayofanya siku zilizobaki. Atawapeleka pwani kuokota kombe. Atawaundia tiara. Akawaza hata kumpigia simu wakala, aombe meli ya baadaye, ingawa alijua jibu atakalopewa.

Siku ya sita walicheza kopo na ndala asubuhi nzima. Saa saba alikaa kwenye ngazi, ananuka kuliko pipa la samaki, akasubiri kukaguliwa. Teya hakuharakisha. Alinusa shingoni. Akainua mkono wa Delfin, akanusa kwapani. Akapiga magoti akanusa pindo lenye grisi, akarudi tena shingoni, akakaa hapo muda mrefu, macho kafumba.

"Tayari," alisema.

Krisel alipiga makofi. Delfin naye alitabasamu mpaka masikioni, akaanza kuinuka ili waende kulala.

"Mikono juu," Teya aliamuru.

Akainua mikono. Mtoto aliivuta fulana, ikakwama kichwani, Krisel akasaidia, ikatoka. Teya aliikunja vibaya, akaipakata kwa mikono miwili, akaenda ndani. Walimsikia akihangaika na foronya. Kisha akarudi mpaka kwenye ngazi, akashika mkono wa Delfin, akauweka kwenye paji la uso wake, kama watoto wafanyavyo kumuaga mkubwa.

"Haya," alimwambia, kwa upole ule ule. "Sasa unaweza kwenda, Baba."

Akaingia kwenye chandarua, akakibana kwa ndani, vibanio vyote. Delfin alibaki ngazini kifua wazi, mkono wake bado uko hewani. Safari ilikuwa bado siku mbili.